Bia Iliyopanda Heha

Maji ya Tanganyika hayakuingia nyumbani kwa Spès kwa kishindo. Yangekuja kwa kishindo, angalau angepata cha kusimulia. Yalikuja polepole, bila hodi: leo yako kwenye mfereji wa barabarani, kesho yamefika kwenye migomba, kisha asubuhi moja mwanamke anashusha miguu kitandani na kukanyaga ziwa. Watu wa Kibenga, mtaa wao wa kando ya ziwa, walisema yatarudi, kwa kuwa siku zote yalikuwa yakirudi. Mwaka ule hayakurudi. Yalikaa, yakaota majani, vyura wakahamia sebuleni, na matofali ambayo marehemu mumewe, fundi mwashi, aliyapanga jioni baada ya kujenga nyumba za wenzake, yakaanza kumeguka kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Nyumba ikiungua unajua imekwisha, unalia, unanyamaza. Nyumba iliyozama haikuachi. Kwa muda mrefu bati lake lilibaki juu ya maji, na kila Spès alipopita barabara ya Rumonge aligeuza uso upande wa pili. Walikuja watu wenye jaketi zenye maandishi mgongoni, wakapiga picha, wakauliza maswali, wakaondoka. Bati nalo likaibwa. Hapo ndipo alipoacha kugeuza uso, maana hakukuwa na cha kutazama.

Alihamia Nyakabiga, katika chumba kimoja uani kwa Saliha, mjane wa Kiislamu mwenye ulimi mkali na chapati laini, ambaye babu yake alikaa Bujumbura kabla mji wenyewe haujajua utaitwaje. Chumba kilikatwa kwa pazia: upande huu Spès na binti yake Amandine, aliyekuwa akimaliza sekondari, upande ule Gaël, kijana wake wa chuo kikuu. Mchana Spès alipiga pasi katika nyumba za Mutanga Nord, nyumba ambazo mlinzi peke yake ana chumba kikubwa kuliko chake. Padri aliyembatiza alimpa jina la Kilatini lenye maana ya tumaini. Mapadri nao wana mizaha yao.

Na tumaini lenyewe, kusema kweli, lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa juu ya mlima.

Spès alizaliwa katika kijiji kilicho chini kidogo ya kilele cha Heha, mlima mrefu kuliko yote ya Burundi. Kutoka mjini hauonekani sawasawa. Hujificha nyuma ya migongo ya milima mingine na nyuma ya mawingu yake, kama tajiri asiyetaka kuombwa. Lakini kutoka juu, kila kitu cha chini kinaonekana. Upande wa magharibi unaliona ziwa lote, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Upande wa pili ni vilima juu ya vilima, vijiji vilivyotawanyika, moshi wa asubuhi, na mabondeni vibwawa vidogo ambamo ng'ombe hunywa. Ni pa baridi. Mtoto wa huko hukua na kamasi na mashavu yaliyopasuka, anakula viazi na maharage, na anajifunza mapema kwamba blanketi ni mali.

Spès alisoma hadi darasa la sita, akaambiwa inatosha, kwa sababu mdogo wake Maxime alikuwa anaingia shule na ng'ombe hawezi kujichunga mwenyewe. Hakulalamika. Alichunga, akalima, akabeba maji, na alipofikia umri wa kuolewa akaja yule fundi mwashi kutoka mjini aliyekuwa akijenga kanisa la tarafa. Siku chache kabla ya harusi baba yake alimpeleka pembeni mwa shamba, chini ya mikaratusi, akanyosha fimbo. Kuanzia jiwe hili hadi mfereji ule, alisema, ni igiseke chako.

Igiseke ndilo fungu ambalo baba Mrundi humwachia binti yake. Si urithi, maana binti harithi. Ni mahali pa kuchuma anapokuja kusalimia, na mahali pa kuangukia ndoa ikimtupa au mume akifa. Hawezi kukiuza, hawezi kuwaachia wanawe, na hata kukikalia lazima awaombe ndugu zake wa kiume. Kuhusu sheria ya kuwarithisha mabinti, imezungumzwa Bujumbura tangu Spès akiwa msichana. Wazungumzaji wamezeeka, wengine wamekufa, wakaacha urithi kwa wana wao wa kiume.

Miaka yote ile Spès hakukigusa kipande chake. Maxime alikilima, na baada ya mavuno alimtumia dada yake gunia la viazi, na dada alishukuru. Alikuwa na nyumba yake mwenyewe kando ya ziwa, ana haja gani na baridi ya Heha? Lakini sasa nyumba ilikuwa imeliwa, na kila jioni aliporudi na mkono uliokakamaa kwa pasi alikijenga kipande kile kichwani: vyumba viwili, jiko la nje, mlango ukitazama mashariki ili asilione ziwa.

Wa kwanza kumwambia atoke alikuwa Saliha, aliyekuwa akishauri dhidi ya mfuko wake mwenyewe.

"Sasa we Spès, ile kiwanja ya baba yako iko pale inalala bure," alisema akisukuma chapati. "We unakaa kwangu kufanya nini?"

"Inatakiwa kuomba kwanza."

"Kuomba ya nini? Kwetu mutoto mwanamke anapata nusu ya kaka yake. Nusu, lakini anapata, wallahi. Qur'ani imekata, hakuna mutu ya kubishana."

"Kwetu hakuna kitu imekata, Saliha. Kwetu ni kuomba tu."

"Basi panda kule, uombe na kinywa yako. Si unako?"

"Apana. Mwanamke hasimamake mbele ya wanaume kuomba udongo. Inatakiwa pombe, na mwanaume wa kuisemea."

Saliha aliigeuza chapati kwa hasira kana kwamba ndiyo iliyotunga desturi hiyo.

Na kweli ndivyo mambo yanavyokwenda. Burundi bia haitembei bila neno, na neno halitembei bila bia. Ukienda kuposa, kushukuru, kupatana, kuomba, unaweka bia katikati, kisha anasimama mwanaume mwenye kujua kusema, analitoa neno, na upande wa pili anasimama mwingine analijibu. Likishajibiwa na bia ikanyweka, jambo limefungwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na bia je? Gaël asingeweza kusema. Ni kijana asiye na mke, na neno la kapera mbele ya wazee ni kelele. Ikabidi atafutwe mtu wa ukoo wa marehemu.

Mtu huyo alikuwepo, tena hodari. Adrien, binamu ya marehemu, karani wa ofisi moja ya Kigobe, mwenye suti tatu na kifua cha kuzijaza. Jumamosi haikupita bila Adrien kusimama kwenye harusi ya mtu. Aliposema neno, akina mama walifuta machozi na wazee walipiga makofi, na mwenyewe alitoka pale akitembea kama aliyepewa bibi harusi. Alikuwa na nyumba nzuri, na nyuma ya nyumba vyumba viwili vilivyofungwa, vina magodoro yaliyoviringishwa tu. Maji yalipochukua nyumba ya Kibenga, Adrien alikuja kumpa Spès pole, akamwambia Mungu ndiye mjuzi. Vyumba vile hakuvitaja. Spès naye hakuvitaja. Mtu mwenye adabu haoni kufuli ya mwenzake.

Alipomweleza safari ya Heha, Adrien alifurahi mno.

"Maman Gaël, we wachia mi," alisema. "Ile discours nitaifanya, mupaka mawe ya kule italia."

"Shemeji, mawe haina haja ya kulia. Sema tu: maji ilichukua nyumba, niko mujane, naomba nijenge pale baba alinionyesha. Basi."

"Lakini inaanzaka na asante, alafu ombi. Ni protocole, maman. Hauwezi kuingia kwa watu ukaanza kuomba kama maskini."

"Asante kidogo. Alafu ombi."

"Voilà."

Spès alimkumbusha tena siku ya kuondoka, walipokuwa wakisubiri gari Musaga, na mafuta yalikuwa adimu kama kawaida, kwa hiyo walisubiri sana. "Shemeji, unakumbuka?" Adrien alicheka, akamwambia yeye ameozesha nusu ya Bujumbura, atashindwaje na neno moja? Ulimi hauna mfupa. Spès aliyatazama makasha ya bia yaliyofungwa kamba nyuma ya Probox, akajisemea kwamba sasa limebaki la Mungu.

Barabara iliishia chini ya kijiji, na makasha yakapandishwa kwa vichwa vya vijana waliotumwa na Maxime. Hilo la kutuma vijana lilimpa Spès moyo. Moyo ulizidi alipofika uani na kukuta mikeka imetandikwa, viti vimeazimwa, wazee wa mlima wote wameitwa, hata mama yake mzazi ametolewa nje na kufunikwa blanketi jipya. Alidhani mdogo wake amejiandaa kukubali. Hakujua kwamba anayetaka kukupa hukuita pembeni akakupa, na anayetaka kukunyima kwa adabu hukutafutia mashahidi.

Maxime alimkumbatia kwa muda mrefu. "Dada yangu," alisema kwa Kirundi, "karibu kwenu." Alikuwa amenenepa. Mwanawe Arnaud, kijana mrefu mwenye viatu vipya, alimpokea shangazi begi lake kwa mikono miwili.

Kabla ya kukaa, Adrien alitaka kupanda hadi kileleni, maana hakuwahi kufika. Spès alimsindikiza. Mawingu yalikuwa yamefunguka na ziwa lilikuwa limelala kule chini lote, la buluu, safi, limetulia. Adrien aliguna kwa raha, akatoa simu, akapiga picha, akamwomba Spès ampige na yeye, mkono mmoja kiunoni. Spès alimpiga. Alilitazama lile ziwa, akalichukia. Kutoka hapa juu lilikuwa zuri kabisa, na nyumba yake ilikuwa ndani yake, na hakuna aliyeweza kuiona.

Wakashuka wakaketi: wanaume kwenye viti kwa duara, wanawake kwenye mikeka pembeni, na Spès, ambaye jambo lilikuwa lake, akaketi mkekani kando ya mama yake. Makasha yakawekwa katikati. Upande wa Maxime alikaa Sinzinkayo, mzee mshingantahe, yaani mwamuzi, wa mlima ule, mwembamba, mwenye macho madogo ambayo hayakukosa kitu.

Adrien akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Wazazi wetu, wenye mlima huu," alianza, na sauti yake ilijaa ua wote. "Miaka ile tulipanda hapa tukiwa na kiu, mkatunywesha. Tulikuja mikono mitupu, mkatupa binti."

Wazee walinguruma kwa kuridhika. Spès aliitikia kwa kichwa: vizuri, asante kidogo.

"Wengine hupewa mke akawa mwiba. Ninyi mlitupa mtu. Ametuzalia, ametulelea, na ndugu yetu alipofumba macho, ni yeye aliyemshika mkono. Leo nimemrudisha mbele yenu mmwone wenyewe. Je, amefubaa?"

"Hapana!" wakaitikia.

"Je, amekonda?"

"Hapana!"

Makofi yakapigwa, na Spès akaona kitu kikibadilika usoni mwa Adrien. Alikuwa amefika mahali pa kugeuka. Neno lililofuata lilikuwa moja tu: maji yamechukua nyumba yake. Alifungua kinywa, akalitazama duara la wanaume wale, wakwe zake, wote wakimngoja, na bila shaka hapo ndipo alipoliona shimo. Maana kusema mjane wa ukoo wetu hana paa ni kuulizwa papo hapo: na ninyi ukoo mko wapi? Mna nyumba? Mna vyumba? Hakuna ambaye angemuuliza kwa sauti, lakini wote wangemuuliza kwa macho, naye, katika suti ile, angesimama pale na funguo zake mfukoni.

Adrien akaendelea.

"Kwetu hakukosa kitu, wazazi, na wala hatakosa! Ukoo wetu haumwachi mtu wake. Kwa hiyo hatukuja kudai, maana mkwe hadai. Hatukuja kuomba, maana mlichotupa kinatosha. Bia hii ni asante yetu. Ni agashimwe. Mugire amahoro, muwe na amani!"

Akaketi, akafuta jasho. Ua mzima ulilipuka makofi. Mwanamke mmoja nyuma ya Spès alipiga vigelegele.

Spès alisubiri. Moyoni alisema: atasimama tena, amepumzika tu. Kwa maana agashimwe ni bia ya mwisho wa jambo, bia ya mtu aliyeridhika. Ukishaitoa huna tena unachongoja. Lakini Adrien hakusimama, na Sinzinkayo, ambaye siku nyingine huchukua muda mrefu kutafuta fimbo yake, alikuwa tayari wima.

"Tumesikia," alisema mzee. "Sisi sote tuna masikio. Asante haiachwi ipoe. Tunyweni kwanza, neno litafuata."

Chupa zikafunguliwa. Spès akaletewa yake na Arnaud, kwa mikono miwili, kwa heshima. Koo lilikuwa limemkauka, na mkono wake ulifanya ambacho mkono wa mtu mwenye kiu hufanya. Akanywa.

Hapo Sinzinkayo akaendelea. Alisema wamefurahi kusikia kwamba binti yao yuko salama, maana huku juu kulikuwa na uvumi wa maji na walikuwa na wasiwasi. Alisema Maxime, kwa utu wake, aliacha kipande cha dada yake chini ya mikaratusi kikimngoja siku atakayosema ana haja. Leo wakwe wenyewe wamesema hana haja. "Arnaud anaoa kiangazi hiki," alimaliza. "Atajenga pale. Tumshukuru Mungu anayepanga mambo bila ugomvi."

Watu wakapiga makofi tena. Adrien naye alipiga, mara mbili, kisha mikono ikamgandia.

Spès alisimama. Hakupanga kusimama, alijikuta yuko wima, chupa mkononi, na wanawake wakimvuta sketi.

"Nyumba yangu iko ndani ya ziwa," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, akaikohoa, akaanza upya. "Lile linalong'aa kule chini, mnaloonyesha wageni, ndilo lililomeza nyumba yangu. Nalala chumba kimoja na watoto wangu wakubwa, kwa pazia. Baba alinionyesha pale kwa fimbo yake, na wewe Maxime ulikuwepo, ulikuwa umeshika kamba ya ndama. Naomba kujenga. Hilo ndilo lililonileta, na bia hii niliibeba kwa ajili ya hilo."

Ungesikia kuku wakichakura. Adrien alikuwa akitazama ncha za viatu vyake.

Maxime hakukasirika. Laiti angekasirika. Alijibu polepole, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Dada yangu, wakwe zako wamesema nini sasa hivi? Sote tumesikia. Nikikuamini wewe, nimemwita shemeji yako mwongo, mbele ya watu, nyumbani kwangu, bia yake ikiwa mkononi mwangu. Wataka niwe mtu wa namna hiyo?"

"Na wewe mwenyewe umekunywa, mwanangu," alisema Sinzinkayo, akiinyoshea fimbo chupa yake.

Spès aliitazama ile chupa. Aligeuka kwa mama yake. Kikongwe alikuwa ameinamisha uso ndani ya blanketi jipya la Maxime, amekula mchana chakula cha Maxime, na usiku angelala chini ya bati la Maxime.

"Keti, Spès," alisema mama, taratibu. "Unatuaibisha mbele ya wakwe."

Aliketi. Hakumchukia mama yake. Alimwelewa, na kumwelewa kulimuuma kuliko yote aliyoyasikia siku ile.

Walipewa viazi vya kushuka navyo, kama wageni wengine wote. Njiani Adrien alikaa kimya hadi waliposhuka kwenye joto, na joto likamrudishia ulimi.

"Maman Gaël, siku ya kwanza haiombakwe," alisema. "Siku ya kwanza ni kuweka uhusiano. Tutarudi. Mi nilikuwa na plan."

Spès alitazama nje.

"Lakini walifurahi, eh? Uliona ile mzee ilikuwa karibu kulia?"

"Asante, shemeji," alisema Spès. "Umechoka. Pumzika."

Alimshukuru! Kinywa chenyewe kilimshukuru, kwa mazoea, kama vile kinavyosema amina. Alijichukia kwa asante ile barabara nzima, kutoka Musaga hadi Nyakabiga. Adrien alikuwa amekwisha kutuma picha za kileleni kwenye kundi la familia, na watu walikuwa wakimjibu kwa vidole gumba.

Jumapili, baada ya misa, alimsimulia Saliha. Saliha alisikiliza hadi mwisho, akasema astaghfirullah. Alienda jikoni kwake akarudi na sufuria ya mikeke ya kukaanga, samaki wa ziwa lilelile, akaiweka mlangoni pa Spès, akaondoka. Spès alipika ugali, akapakua, akawaita wanawe.

Walikula pande zote mbili za pazia lililofungwa juu. Amandine hakuweza kungoja.

"Mama, basi tutajenga lini?"

"Hatujengi. Arnaud ndiye atajenga pale."

"Arnaud? Ule mutoto? Iko na nyumba tatu za baba yake pale!"

"Ndiyo."

"Na we ulinyamaza?"

"Nilisema. Nilisimama nikasema."

"Alafu?"

"Alafu nikakaa."

Amandine alisukuma sahani yake mbali. Kisha akamgeukia kaka yake, ambaye alikuwa akichambua miba.

"Gaël. Siku moja mama akipata parcelle ya kujenga, hata kadogo, akikufa tukabaki sisi wawili. Utanigawia?"

Gaël hakunyanyua kichwa. Hakuwa mtoto mbaya. Alisoma kwa bidii, alimbebea mama yake maji, hajawahi kumjibu vibaya. Alijibu bila hila, kama anayeulizwa kama leo ni Jumapili.

"We si utaolewa? Bwana yako atakupa."

Akachukua tonge lingine. Amandine alimtazama mama yake, akingoja aseme kitu. Spès aliitazama sahani ya kijana wake. Mukeke mkubwa kuliko wote katika sufuria ulikuwa pale, umeliwa nusu, na ni yeye mwenyewe aliyempakulia.